KOSA DOGO KATIKA KARATASI YA URAIA: TUNYAMAZE AU TUSAHIHISHE?

Masomo ya kusoma nyumbani: Walawi 4:27-28, Ezra 2:59-63, Matendo ya Mitume 22:24-29 na 23:23-30, Luka 16:10.



Kuna ulizo moja ambalo waaminifu huwa wanaliuliza kwa sauti ya chini kisha ibada, wakati wengine wamekwisha kutoka. Ni ulizo hili. Mtu ametoa maombi ya uraia, au ya cheti cha uraia. Amejaza karatasi, ametia sahihi, dosie imepokelewa na kupigwa muhuri. Amerudi nyumbani, amekaa, anasoma kopi yake pole pole. Hapo anaona: wameandika kwamba alizaliwa mwaka 1958, kumbe alizaliwa mwaka 1956. Au jina la mama yake limepungukiwa herufi moja. Au katika orodha ya watoto, yule wa nne amesahauliwa. Hakuna mtu aliyeliona jambo hilo. Karani hakuona, mkubwa wake hakuona. Je, mkristo afanye nini? Arudi kusema, hata kama dosie inaweza kukawia miaka? Au anyamaze, maana kosa ni dogo na hakukusudia kudanganya?

Wengine watasema: “Hiyo si habari ya kanisa, hiyo ni habari ya biro za Serikali.” Tuanzie hapo.

1. KARATASI YA URAIA SI KITU BURE MBELE YA MUNGU

Bwana wetu mwenyewe alizaliwa safarini kwa sababu ya karatasi. Yusufu na Maria walikwenda Bethlehemu ili waandikwe katika hesabu ya Kaisari. Hawakusema: “Sisi ni watu wa mbinguni, maandiko ya dunia hayatuhusu.” Naye Mtume Paulo, walipomfunga kamba ili wampige mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma bila hukumu. Uraia ule ulimponyesha mgongo wake siku ile, tena baadaye ulimfikisha mbele ya Kaisari. Basi uraia si dhambi wala si upuzi. Ni ukuta ambao mnyonge anaweza kuegemea.

Sisi watu wa Kivu tunalijua jambo hilo kuliko wengi. Mji wetu umeona vita mwaka 1996, mwaka 2004 na mwaka 2025. Mtu anayekimbia usiku anachukua mtoto, anachukua sufuria, na kama akili ingali pamoja naye, anachukua bahasha ya karatasi. Na kwa miaka mingi, kwa kuwa hapakuwa na kitambulisho kingine cha watu wote, karte ya uchaguzi ndiyo iliyokuwa ikionyeshwa kila mahali. Ndiyo maana mtu akiona kosa katika karatasi zake, moyo unapiga. Tusimcheke.

2. SI KILA TOFAUTI NI KOSA

Kabla ya kumlemea ndugu yetu, inapashwa tutenganishe mambo. Mzee aliyezaliwa hapa wakati wa Wabelgiji, cheti chake kinasema Costermansville. Leo anaandika Bukavu. Je, amekosea? Hapana. Mji ni mmoja, jina ndilo lililobadilika. Mwingine aliandikwa kwamba alizaliwa katika Provensi ya Kivu, na mtoto wake katika Sud-Kivu, kwa sababu mwaka 1988 Kivu iligawanyika kuwa provensi tatu. Mwingine ana karatasi ya Congo Belge, nyingine ya Zaire, nyingine ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na hajatoka hata siku moja nje ya nchi. Nchi imebadilisha jina, yeye hakubadilika.

Tena kuna habari ya majina. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya kurudia asili, Serikali ya Mobutu ilitaka watu waache majina ya ubatizo, kila mmoja atumie jina la mababu. Kwa hiyo baba mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo katika kitabu cha kanisa, jina lingine katika diploma ya wakati wa Zaire, na yote mawili katika karatasi mpya. Anayemwona namna hiyo na kumwita mwongo, anamhukumu bila kujua historia.

Wengine hawajui tarehe yao ya kuzaliwa. Mama alisema tu: “Ulizaliwa wakati wa mavuno, mwaka wa njaa kubwa.” Wakimbizi wengi walioandikwa katika makambi walipewa tarehe ya 1 Januari, kwa sababu tarehe ya kweli haikujulikana. Watoto wao wakienda Amerika au Ulaya, wanashangaa kuona jamaa nzima ikifanya sikukuu ya kuzaliwa siku moja. Huo si uongo, mradi mtu akiulizwa aseme wazi: “Siku yangu haijulikani, hii niliandikiwa.”

Hata Maandiko yanajua taabu hiyo. Katika Ezra sura ya 2 tunasoma juu ya watu waliorudi kutoka uhamisho. Wengine wao, jamaa za makuhani, walitafuta maandiko ya ukoo wao, wasiyapate. Kati yao walikuwako wana wa Barzilai, ambao baba yao alioa katika ukoo wa mkwewe na akaitwa kwa jina la ukoo ule. Jina lilibadilika kwa sababu ya ndoa, na kwa hiyo njia ya kuthibitisha ikapotea! Liwali hakuwaita wadanganyifu. Hakuwafukuza katika taifa. Aliwaambia wangoje, wasile vitu vitakatifu mpaka asimame kuhani wa kuuliza Mungu. Hiyo ni hekima: jambo lisilojulikana lingoje, lisigeuzwe kuwa hakika kwa nguvu.

3. LAKINI “KIDOGO” NI KIDOGO KWA NANI?

Sasa tuje kwa kosa lenyewe. Watu wanasema: “Ni herufi moja tu. Ni namba moja tu.” Soma Waamuzi sura ya 12. Kwenye vivuko vya Yordani, watu wa Gileadi walimwambia kila apitaye atamke neno moja. Aliyesema Shibolethi alipita. Aliyesema Sibolethi alikufa. Sauti moja tu, na Maandiko yanahesabu waliokufa siku zile kuwa watu 42,000. Katika Kivu yetu pia, wako watu wanaosoma jina la mwenzao, na kutokana na herufi moja wanafikiri wamejua kabila lake na haki yake. Basi tusiseme upesi kwamba herufi si kitu.

Namba vilevile. Angalia sheria za uraia wa nchi yetu. Katiba ya mwaka 1964 ilitazama wazee walioishi Congo kabla ya 18 Oktoba 1908. Sheria ya 5 Januari 1972 ilitoa uraia kwa watu wa asili ya Rwanda-Urundi waliokaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Sheria ya 29 Juni 1981 ikaondoa jambo hilo na kurudi nyuma mpaka 1 Agosti 1885. Sheria ya 12 Novemba 2004 ikatazama makabila na maeneo yaliyokuwa Congo wakati wa uhuru, mwaka 1960. Hatuandiki haya ili kuamua nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Kazi hiyo si ya gazeti hili. Tunaandika ili uone: chini ya sheria ya 1972, mtu ambaye baba yake alifika mwaka 1949 na mtu ambaye baba yake alifika mwaka 1951 walikuwa watu wawili tofauti mbele ya Leta. Namba moja iliwatenganisha. Kwa mwandikaji ilikuwa kutelezesha kalamu, kwa jamaa ile ilikuwa kuwa mwenyeji au kuwa mgeni.

Kwa hiyo mwenye kosa si yeye peke yake wa kupima kama ni dogo. Namba isiyo na maana kwako leo, yaweza kuwa na maana kwa mtoto wako kesho, atakapotaka kurithi kiwanja au kuandikwa shuleni, na karatasi zake zikapingana na zako.

4. KOSA LINA SIKU MBILI

Hapa ndipo moyo wa mafundisho yetu. Kosa lina siku mbili: siku ya kuandikwa na siku ya kuonekana.

Siku ya kuandikwa, kama hukukusudia, mikono yako ni safi. Karani alisikia vibaya, ama wewe ulichoka, ama taa ilikuwa hafifu. Lakini Sheria ya Musa, katika Walawi 4:27-28, inasema juu ya mtu aliyekosa bila kujua: anapojulishwa kosa lake, hapo ndipo inapashwa alete sadaka yake. Mungu hakumdai alipokuwa hajui. Anamdai baada ya kujua. Siku ile ya pili moyo unasimama njia panda. Kosa lilikuwa la kalamu. Ukinyamaza, linaanza kuwa la moyo. Namba ni ileile, 1958, haikubadilika hata kidogo. Wewe ndiwe uliyebadilika, kwa maana sasa unajua.

Tazama barua ya Klaudio Lisia katika Matendo sura ya 23. Jemadari huyu alikuwa mtu mwema kwa sehemu. Alimwokoa Paulo katika ghasia, akamtuma kwa Feliki liwali pamoja na askari wa kumlinda. Lakini katika barua yake anaeleza kwamba alikwenda kumwokoa kwa kuwa alisikia kwamba ni Mroma. Je, ndivyo ilivyokuwa? Rudi sura ya 21 na 22. Kwanza alimfunga minyororo. Kisha akaamuru apigwe mijeledi. Kisha tu akasikia kwamba ni Mroma, akaogopa. Katika barua alibadilisha utaratibu wa mambo: lililokuja mwisho akaliweka mwanzo, na minyororo hakuitaja. Kosa dogo! Feliki hakulijua. Lakini Luka aliyeandika habari hizo alijua, na Roho wa Mungu alihakikisha kwamba sisi pia tujue, hata leo.

Sasa jiulize: kosa la Lisia lilimsaidia nani? Lilimsaidia Lisia. Hiki ni kipimo kizuri cha kupimia moyo. Kama kosa katika dosie yako linakuumiza, utakimbia kulisahihisha asubuhi. Kama linakusaidia, utasema ni dogo. Kama wameandika miaka miwili pungufu nawe unatafuta kazi ambayo wazee hawapewi, angalia vizuri sauti inayokuambia “acha tu”. Je, ni sauti ya amani, au ni sauti ya faida?

5. UDHURU TATU

Wa kwanza anasema: “Si mimi niliyekosa, ni karani.” Ni kweli. Lakini chini ya karatasi kuna sahihi ya nani? Ukitia sahihi, umesema: yote yaliyo juu ni kweli. Karani aliandika, ila neno ni lako.

Wa pili anasema: “Nikirudi, watafikiri mimi ni mdanganyifu, wataikataa dosie yote.” Woga huu si wa mchezo. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walingoja mpaka mwaka 2014 ndipo wengi wao wakapewa vyeti vya uraia mikononi. Walikuwa watu zaidi ya 160,000. Mtu aliyengoja miaka 40, nani atamwambia usiogope? Hata hivyo, tuangalie namna mambo yanavyokwenda. Huko Marekani, ambako ndugu zetu wengi wa Kivu wanaomba uraia, siku ya kuulizwa maswali mkubwa wa Serikali anapitia karatasi pamoja na mwombaji. Wakikuta mahali pa kurekebisha, wanaandika, wanahesabu marekebisho kwa namba, na mwombaji anaweka tena sahihi. Yaani karatasi yenyewe imeachia kosa nafasi yake, kwa kuwa waliyoitengeneza walijua kwamba watu wanakosea.

Mahakama Kuu ya Marekani imeshughulika na jambo hili. Mtu mmoja wa Lituania, Juozas Kungys, alipata uraia mwaka 1954, naye alikuwa ametaja tarehe na mahali pa kuzaliwa visivyo vya kweli. Miaka mingi baadaye Serikali ilitaka kumvua uraia. Mwaka 1988 mahakama ilisema kwamba haikuonyeshwa kuwa tarehe na mahali vile peke yake vingebadilisha uamuzi wa kumpokea. Tena mwaka 2017, katika kesi ya mama mmoja wa Bosnia aitwaye Divna Maslenjak, aliyeficha kwamba mume wake alikuwa askari, mahakama ileile ilisema kwamba ili kumvua mtu uraia, uongo wake inapashwa uwe ulichangia kumpatia uraia huo. Unaona? Sheria ya wanadamu pia inajua kutenganisha unyasi na mti.

Lakini ona na upande wa pili. Kungys aliishi raia zaidi ya miaka 20, kisha tarehe ile ya zamani ikafufuka na kusimama mbele yake mahakamani. Kilichonyamazishwa hakikufa. Wazee wamesema: njia ya mwongo ni fupi. Aliyesahihisha mwenyewe siku ya kwanza, anasahihisha akiwa amesimama wima. Aliyegunduliwa na wengine, anaeleza akiwa ameinamisha kichwa, hata kama kosa ni lilelile.

Wa tatu anasema: “Ukienda kusahihisha watakuomba matabishi.” Hapa tusidanganyane; mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini haifai kufuta kosa la kalamu kwa kutenda kosa la mkono. Lipa ile iliyo na risiti. Ile isiyo na risiti, sema kwa upole kwamba huna, uache barua yako hapo, urudi siku nyingine. Ukikawia kwa ajili ya kweli, kukawia huko hakukuhukumu. Wewe umekwisha kusema. Sasa mzigo uko mezani kwa mwingine.

Kuna anayeuliza: “Na wale wazalishaji wa Misri, hawakumficha Farao kweli?” Walimficha mwuaji njia ya kuua watoto. Mtu anayesimama kizuizini mbele ya bunduki, akiulizwa kabila lake ili auawe, hali yake si sawa na ya mtu anayekwenda mwenyewe, kwa miguu yake, kuomba taifa limpokee na kumwamini. Tusichanganye mambo haya mawili. Anayeomba kuaminiwa anaanza kwa kuwa mwaminifu.

6. NAMNA YA KUSAHIHISHA

Upendo bila maarifa unachosha watu. Basi tuseme mambo machache ya kutenda.

Kwanza, usiguse karatasi iliyokwisha kupigwa muhuri. Usikwangue kwa wembe, usiongeze kwa kalamu, usitafute fundi wa mihuri. Kosa dogo lililofutwa kwa siri linageuka kuwa kughushi, na hilo si dogo tena mbele ya sheria yoyote.

Pili, andika barua fupi. Taja namba ya dosie, siku uliyoitoa, neno lililoandikwa, na neno linalopaswa kuandikwa. Usieleze hadithi ndefu. Weka ushuhuda: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, karatasi ya shule. Peleka kopi mbili, moja wapige muhuri wa kupokea, uirudishe nyumbani.

Tatu, kama kosa liko katika cheti cha kuzaliwa chenyewe, siyo katika maombi tu, ujue kwamba kwa sheria yetu ya jamaa ni mahakama inayoamuru kukisahihisha. Njia hiyo ni ndefu zaidi. Ianze mapema, kabla ya kuomba jambo lingine juu ya cheti kile.

Nne, ambaye mtoto amezaliwa kwake asingoje. Tangu sheria ya mwaka 2016, wazazi wana siku 90 za kumwandikisha mtoto. Siku zile zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama. Makosa mengi ya watu wakubwa yalizaliwa pamoja nao, kwa sababu hawakuandikwa wakati wake.

7. DENI LA KANISA

Mwisho, neno kwa wachungaji, mashemasi na waandikaji wa parokia. Kitabu cha ubatizo ni ushuhuda. Siku moja mtu ataleta cheti chenu mbele ya hakimu. Kama mliandika jina jinsi mlivyosikia kwa mbali, ama mlijaza tarehe kwa kukisia, mmemtegea mtego. Ulizeni mara mbili. Msomeeni mama jina la mtoto kwa sauti kabla hajaondoka. Na mtu akija kuomba muandike tarehe isiyo ya kweli “ili dosie ipite”, mkataeni kwa mapendo. Siku mtakapoandikia mmoja uongo, vyeti vyote vya kanisa vitakuwa bila thamani, hata vya wajane wasio na ushuhuda mwingine.

Tena wako kati yetu wasiojua kusoma. Wanatia kidole juu ya karatasi wasiyoielewa. Je, tutawafundisha juu ya ukweli bila kuwasomea karatasi zao? Vijana waliosoma, hiyo ni huduma yenu: kukaa na mzee, kumsomea neno kwa neno, kabla hajaweka kidole.

Wapendwa, Bwana hakusema kwamba mambo madogo ni makubwa. Alisema kwamba aliye mwaminifu katika madogo, huyo ndiye wa kuaminiwa katika makubwa. Herufi ile haitakufungulia wala kukufungia mbingu. Lakini mtu unayekuwa wakati unapoamua juu ya herufi ile, huyo ndiye atakayepokelewa na taifa, na huyo ndiye atakayesimama mbele ya Mungu. Mwenye kuona kosa lake juma hili, asingoje juma lingine.

Maulizo ya kuzungumzia katika jamaa na katika vikundi vya maombi:

1. Kosa gani katika karatasi zetu linatuumiza, na lipi linatusaidia? Tumeshughulikia lipi kwanza?
2. Kama kusema kweli kutakawisha dosie ya ndugu yetu, jamaa na kanisa watamsaidia namna gani wakati wa kungoja?
3. Ni nani katika avenyu yetu asiyejua kusoma, ambaye tungeweza kumsomea karatasi zake?

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.